Manyoya Sakafuni: Uliza Tarehe Kabla ya Dawa

Hotuba kwa wafugaji wa sungura, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa zetu. Kabla ya maneno kuna vitu vinazunguka kutoka mezani: mifuko miwili ya kaki na chupa moja ya jemu. Mifuko ifungueni, mtu achukue manyoya kidogo, ayaweke kiganjani, kisha ampe jirani. Chupa msiifungue.

Mfuko wa kwanza una manyoya marefu, meupe, laini kama sufi, yamesokotana na vipande vya nyasi na kugandamana kidogo kwa mate yaliyokauka. Haya yameng'olewa kwa meno, na aliyeyang'oa ni sungura jike mwenyewe, kifuani na tumboni mwake. Mfuko wa pili una manyoya mepesi yaliyofifia rangi, ukipumua tu yanaruka. Hayo yamepukutika yenyewe. Ndani ya chupa mna manyoya mafupi yaliyonatana na magamba ya manjano, na chini umebaki unga mweupe. Huo ni upele, na chupa imefungwa kwa sababu utitiri wake haumwogopi mtu, huingia hata kwenye mikono yetu.

Vitu vitatu hivyo havifanani hata kidogo, lakini mitaani kwetu vyote vinapigwa sindano ileile. Sisi tunaomba jambo moja. Ukikuta manyoya sakafuni, kabla hujatoka kwenda duka la dawa za mifugo, jiulize: yametoka sehemu gani ya mwili, na leo ni siku ya ngapi tangu huyu jike apandwe? Majibu ya maswali hayo mawili yatakuokoa na dawa nyingi zisizo na kazi.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo inayosahaulika.

Ng'ombe ana mzunguko wake. Akikosa leo utamsubiri wiki tatu. Sungura jike hana kalenda ya namna hiyo. Mayai yake hukaa tayari yakingoja kupandwa, na akishapandwa yai hutoka baada ya saa 10 hivi. Tendo lenyewe ndilo linaloufungua mlango, na hapo ndipo penye mtego: mwili wa jike hauna njia ya kujua kama aliyempanda ni dume mzima, dume asiye na mbegu, au jike mwenzake wanayelala naye banda moja. Yai litatoka tu. Pale lilipotoka panageuka kiwanda kidogo cha projesteroni, homoni inayotunza mimba. Mbegu iwepo isiwepo, kiwanda kinaanza kazi.

Kama mimba haikutunga, kiwanda hicho hufanya kazi siku 16 hadi 18, kisha hufungwa. Projesteroni inaposhuka, prolaktini, ambayo ni homoni ya maziwa, hupanda, na mashina ya manyoya ya kifuani na tumboni hulegea. Hapo jike anaanza kazi ya uzazi ambao haupo. Hii ndiyo mimba ya uongo.

Mtazameni siku hiyo bila kumsumbua. Anaokota nyasi moja moja mpaka zimejaa mdomoni, zimechomoza pande zote mbili kama masharubu. Anazunguka nazo banda zima, anaziweka pembeni, haridhiki, anazitoa, anazirudisha. Kisha anainama, anauma fungu la manyoya chini ya kidevu, anavuta kichwa pembeni mara moja, anakwenda kulitandaza juu ya nyasi. Halii wala hatoki damu. Ukimpakata utaona ngozi ya kifua imebaki safi, ina rangi ya waridi, na chuchu zimejitokeza, mara nyingi 8 au 10. Kusudi la kujinyonyoa ni hilohilo: chuchu ziwe wazi, na watoto, ambao huzaliwa uchi na macho yamefumba, wapate godoro.

Mimba ya kweli huchukua siku 30 hadi 32. Mwenye mimba ya kweli hujinyonyoa kuanzia siku ya 28 hivi, na wengi hungoja saa za mwisho kabisa. Basi hesabu ni nyepesi, iandikeni hata kwa mkaa mlangoni mwa banda: manyoya siku ya 16, 17 au 18, ni uongo, manyoya siku ya 28 hadi 31, weka sanduku la kuzalia.

Tunajua kinachosemwa mtu akikuta kiota kizuri na watoto hawamo. Panya wamebeba. Amewala. Jirani ana kijicho. Panya wapo kweli, hasa nyumba zilizo karibu na soko, na jike aliyeshtushwa anaweza kula watoto. Lakini chungulia kiota kwanza. Jike aliyezaa huacha unyevunyevu na alama za damu kwenye manyoya. Kiota cha mimba ya uongo ni kikavu kama mto mpya. Ukikikuta kikavu, na hesabu inasema siku ya 17, mwache jirani wa watu.

Asiyetaka kungoja ampapase jike kati ya siku ya 10 na ya 14. Mweke juu ya meza yenye gunia asiteleze, mkono mmoja ushike ngozi ya mabegani, mwingine upite chini ya tumbo mbele ya nyonga, kidole gumba upande huu na vidole vingine upande ule. Telezesha polepole. Kwenye mimba ya kweli utasikia vitu laini vimepangana, ukubwa wa kunazi, vinakwepa vidole. Usivichanganye na vinyesi: hivyo ni vidogo, vigumu, na viko juu zaidi karibu na uti wa mgongo. Usiminye. Baada ya siku ya 14 mwache, hutapata faida yoyote zaidi ya kumwumiza.

Mwenye mimba ya uongo haumwi. Kosa kubwa ni kumwondolea kiota kila anapokijenga, maana atajinyonyoa tena mpaka abaki na kifua cha kuku wa kuchoma. Kiache. Mpunguzie pumba kwa siku chache, majani na maji yasipungue, mtenge na wenzake. Siku mbili hadi nne anakisahau mwenyewe. Kila siku pitisha vidole kwenye chuchu: zikiwa za moto, ngumu, au zimegeuka rangi ya zambarau, huo ni uvimbe wa maziwa, na hilo ni la daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akitulia tu huwa mwepesi kukubali dume, kwa hiyo anayetaka kuzalisha asimwache akapoteza mwezi mwingine.

Yale manyoya msitupe. Yakiwa makavu na safi, yatieni kwenye mfuko wa karatasi, andikeni tarehe, ning'inizeni mahali panya hafiki. Uzao wa kwanza, majike wengi hawajui kujinyonyoa, au wananyonyoa wakiwa wamechelewa na watoto wako juu ya waya. Manyoya ya akiba ndiyo yanayookoa. Ila kwa hapa Tanga, Januari na Februari, kiota kikijazwa manyoya mpaka juu watoto wataiva kwa joto. Ukiona wametawanyika, wamelala mbalimbali na ngozi imekuwa nyekundu, punguza nusu. Wakiwa wamerundikana pamoja, wameshiba na wametulia, usiguse kitu. Sanduku lenyewe la sentimita 40 kwa 30, kimo 30, linamtosha jike wa kilo 3.

Sasa aliyesababisha mimba ya uongo ni nani? Mara nyingi ni majike wawili waliolelewa pamoja. Wakiwa watoto wanalala wamekumbatiana, watu wanafurahi. Sungura wadogo kwa umbo hupevuka wakiwa na miezi minne hivi, wa kati miezi minne hadi sita, wakubwa hata miezi minane au tisa. Wakishapevuka wanaanza kupandana kutafuta nani mkubwa, na siku 17 baadaye mmoja anazunguka na nyasi mdomoni kama masharubu. Kuwatenganisha kwa wavu kunatosha. Waonane, wanusane, wasifikiane.

Chanzo cha pili kinatuhusu zaidi sisi watu wa mwambao. Joto. Dume wa sungura hana shida kuwa na hamu, shida ni mbegu. Joto likizidi nyuzi 30 siku nyingi mfululizo, mbegu hupungua na kudhoofika, na mbegu mpya huchukua wiki sita hadi nane kutengenezeka. Maana yake joto la Februari analipia Machi na Aprili, wakati mvua za masika zimeshaanza na wewe umeshasahau kaskazi. Dume anapanda vizuri kabisa, anaanguka ubavuni kama ilivyo desturi yao, wewe unaandika tarehe kwa furaha. Jike yai limetoka, mbegu hakuna, siku ya 17 manyoya chini. Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: majike watatu waliopandwa na dume mmoja wakijinyonyoa wote siku ya 16 hadi 18, acheni kuwachunguza majike. Na dume msimchinje kwa hasira. Mhamishieni upande wa kivuli chini ya makuti, si chini ya bati, mchana wekeni chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyogandishwa ili aiegemee, mpandisheni alfajiri. Mpeni wiki nane, mjaribuni tena.

Tuseme kidogo juu ya tabia, kwa sababu wengi wenu mlioko nyuma pale hamfugi wa kuchinja, mna mmoja au wawili wa nyumbani, na malalamiko ni yaleyale: alikuwa mpole, sasa anauma.

Homoni zikiamka, banda linakuwa nyumba yake. Jike hunguruma, hurusha miguu ya mbele kama bondia, hukwaruza mkono unaoleta chakula. Kuna hila ndogo hapa. Sungura haoni kitu kilicho mbele kabisa ya pua yake, kwa hiyo mkono ukija mbele moja kwa moja unamshtua. Pitisha mkono kwa juu na ubavuni, uweke kichwani kwanza, kisha bakuli. Dume naye huzunguka miguu yako akinguruma kwa chini, hupanda chochote kilicho laini pamoja na mguu wa mtoto, na hurusha mkojo ukutani kwa ustadi wa ajabu. Kusugua kidevu kwenye milango na viti ni kuweka alama tu, chini ya kidevu ana tezi. Huo si uchafu, hamna haja ya kumchapa. Kwa kweli usimchape kwa lolote. Sungura hajifunzi kwa kipigo, anachojifunza ni kukuogopa.

Madume watenganisheni wakiwa na wiki 10 hadi 12, korodani zinaposhuka. Wakiachwa pamoja wanang'atana hukohuko kwenye korodani, na jeraha hufichwa na manyoya mpaka litoe harufu.

Kuhasi kunawezekana na kunatuliza tabia sana, lakini ni upasuaji wa daktari wa mifugo, kwa ganzi ya kulaza. Msifunge mpira kama wa mbuzi. Kabla hujakubaliana muulize daktari: umewahi kulaza sungura wangapi? Akikwambia umshindishe njaa usiku kucha kama mbwa, tafuta mwingine. Sungura hatapiki, hakuna sababu ya njaa hiyo, na tumbo lake likisimama ni balaa kuliko kidonda. Dume aliyehasiwa anaweza bado kutia mimba wiki nne hadi sita baadaye. Jike wa nyumbani asiyezalishwa, akifika miaka mitatu au minne, yumo katika hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba, na dalili ya kwanza huwa damu kwenye mkojo. Ila mkojo mwekundu wote si damu: rangi ya chungwa au nyekundu iliyoenea sawasawa mara nyingi ni ya majani aliyokula. Damu huja kwa matone na mabonge.

Sasa lile swali la mahali manyoya yalipotoka. Hapa tutakwenda mbio kidogo.

Kubadilisha koti huanzia kichwani na shingoni, hushuka mgongoni, humalizia ubavuni na tumboni. Huku kwetu mchana mrefu na mfupi hautofautiani hata saa moja, kwa hiyo msitegemee msimu mmoja maalumu kama vitabu vya Ulaya vinavyosema. Wengine wanapukutika mwaka mzima mabaka-mabaka. Puliza manyoya yafunguke: ngozi safi, na nywele mpya zimeanza kuchomoza. Mchane kila siku kwa brashi laini. Usimwoshe.

Upele wa chupa ile huanzia puani, midomoni, ncha za masikio na vidoleni, kwa magamba makavu. Utitiri wa masikioni hujaza sikio ukoko wa kahawia uliopangana kama kurasa. Usiukwangue, unauma mno, utadondoka wenyewe baada ya dawa. Mwingine hukaa kati ya mabega na unga wake unaonekana kama mba inayotembea.

Dawa ni ivermektini, na hapa watu wanaua sungura kwa kukisia. Kipimo ni miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo, chini ya ngozi. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika mililita moja. Sungura wa kilo 2 kwa kipimo cha chini anahitaji miligramu 0.4, yaani mililita 0.04. Kwenye bomba la insulini la mililita 1 lenye alama 100, hizo ni alama 4. Alama nne tu! Bomba la mbuzi haliwezi kupima hivyo. Mpimeni uzito kwa mizani, daktari au afisa mifugo athibitishe kipimo na aseme nyama isiliwe mpaka lini. Rudia baada ya siku 10 hadi 14, maana mayai ya utitiri hayafi kwa sindano ya kwanza. Tibu banda zima, choma matandiko, mbao zimwagie maji ya moto na uzianike juani.

Dawa ya mbwa ya kudondoshea yenye fiproni ni sumu kwake. Oili chafu na mafuta ya taa ndiyo kabisa: anajilamba, vinaingia tumboni. Na msimpe amoksilini ya kunywa iliyobaki nyumbani. Inaua bakteria wema wa utumbo, siku chache anaharisha na kufa.

Mabaka ya duara yenye ukingo mwekundu na magamba, hasa usoni, yanaweza kuwa fangasi ileile inayowapa watoto mapunye. Vaa glovu, zuia watoto wasimpakate.

Manyoya yamekatika katikati kama kwa mkasi, mgongoni au kichwani, na sakafuni hakuna kitu? Mwenzake anamnyoa na kumeza. Sababu ni msongamano, ubabe, au majani machache na pumba nyingi. Mpe majani ya nyuzi bila kipimo: mabingobingo yaliyonyauka, ukoka mkavu. Chini ya kidevu pakiwa panalowa na kunyonyoka, angalia meno na udenda, au bakuli la maji lililo pana mno. Nyayo zikiwa na upara na wekundu, ni sakafu ya waya. Weka ubao wa kupumzikia.

Na lusina, mti wa malisho. Tumeiacha mwisho kwa sababu inawachanganya hata wataalamu. Mbuzi wanaipenda, imejaa protini, iko kila ua kuanzia Pongwe mpaka Raskazone, basi mtu anakatia sungura kila siku. Lusina ina mimosini, inayozuia nywele kukua. Sungura anayeishindia ananyonyoka mwili mzima. Ukishika manyoya yanabaki mkononi, ngozi haina gamba wala upele. Ikizidi anadhoofika, na jike hatungi mimba vizuri. Tiba ni kuiacha, mpeni matembele na nyasi. Mwenye maswali zaidi ya malisho, chuo cha mifugo cha Buhuri kiko hapahapa Tanga.

Tumeombwa tuseme lini si jambo la kungoja. Sungura aliyekuwa akijinyonyoa au akipukutika humeza manyoya mengi. Kama hajala wala kunya kwa saa 12, au vinyesi vimeungana kwa nywele kama shanga kisha vikakoma, mpeleke hospitali ya mifugo hata kama ni usiku. Msimlazimishe mafuta ya kula. Mtieni kwenye kikapu cha ukindu chenye nyasi, kifuniko kimefungwa kwa kamba, msimfunike kitenge kizito, na kwenye bodaboda kikapu kikae kati yenu wawili, upande usio na jua. Mkononi chukueni kadi yenye kumbukumbu zake: tarehe ya kupandwa, dume gani, uzito, anakula nini. Daktari ataisoma kabla hajamgusa.